Shamba la Gundi

Mwaka huo ulipoanza, hali ilikuwa hivi. Shamba kubwa lililokuwa upande wa Moiben, ambalo mlowezi wake alikuwa amekwisha kufunga virago na kuondoka, lilikuwa limenunuliwa na chama cha watu waliochanga pamoja. Baadhi yao walikuwa wenyeji wa Uasin Gishu, na wengine walikuwa wametoka sehemu za kati za nchi kufuata ardhi. Shamba lilikuwa lao, lakini hakuna aliyejua ni upande gani uliokuwa wake. Ng'ombe walikamuliwa kwa pamoja, mahindi yalivunwa kwa pamoja, na siku ya kugawanya kwa kura ilikuwa ikingojewa kwa hamu isiyopungukiwa na hofu. Wote walilijua bonde la chini, lile linaloteremka taratibu hadi mtoni, na wote walikuwa wamejizuia kulitaja, kwa kuwa kulitaja kungekuwa sawa na kulitamani hadharani. Mjini Eldoret nako, nyuma ya duka la vitabu la misheni, palikuwa na kituo kidogo cha filamu, chumba chenye paa la mabati ambamo Mwalimu Gathogo alifundisha utengenezaji wa filamu. Tulianza wanafunzi watatu; wenzangu wawili walipata kazi za ofisini wakaenda, nikabaki peke yangu. Makubaliano yetu yalikuwa bayana. Kabla ya mwaka kwisha ningehariri filamu moja kwa mikono yangu, na wale waliomo ndani yake ndio ambao wangeitazama kwanza. Wakiikubali, kituo kingeniajiri. Wakiikataa, ningerudi nyumbani Sugoi kufundisha watoto wa darasa la kwanza, kazi iliyokuwa imekwisha kutengwa kwa jina langu, na ambayo sikuitaka.

Mwalimu Gathogo alizikwa mwezi uliopita. Baada ya mazishi, binti yake aliniita kando, akanikabidhi kitu kizito kilichofungwa ndani ya taulo, akasema tu, "Baba alisema ni chako." Nilikitambua kabla ya kukifungua: mashine ndogo ya chuma ya kuungia filamu, yenye meno mawili ya kushikilia matundu ya ukanda na kisu kinachoshuka kama mlango. Sasa ipo mezani pangu, katika chumba ambamo kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wanaokata na kuunga picha kwa kubonyeza kitufe, na wakikosea hubonyeza kingine, kosa likafutika. Siwalaumu, wala sisemi kwamba enzi zetu zilikuwa bora. Nasema tu kwamba kwetu kila kiungo kilikuwa na gharama. Hatukuwa na nakala. Ukanda ule ule uliopita ndani ya kamera ndio tuliokata. Ilitupasa kukwangua ncha yake kwa wembe hadi picha iishe na kubaki ukanda mtupu kama kioo, kuipaka gundi, kuikandamiza, na kungoja huku tumezuia pumzi. Fremu, yaani picha moja ya ukanda, ikishakwanguliwa haikurudi. Ukuta mzima ulikuwa na misumari, na katika kila msumari ulining'inia ukanda mmoja, ncha zake zikishukia ndani ya kapu lililotandikwa shuka nyeupe ili zisikwaruzwe. Mvua ilipopiga mabati tulifundishana kwa ishara. Nikiinusa harufu ya gundi hata leo, kali na tamu kama ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, nahisi baridi ya Eldoret ikinipanda kutoka kwenye sakafu ya saruji.

Kila siku saa sita mchana tulivua glavu za kushikia ukanda, tukavuka barabara hadi hoteli ya Mama Wairimu. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza tatu na pazia, na nyuma ya pazia mlikuwa na jiko, magunia ya maharagwe na kitanda chake. Alipika githeri iliyolainika hadi mahindi yakafunguka, na chai ya maziwa matupu iliyomwagwa kutoka juu ili ipate povu. Alikuwa mwanachama wa shamba la Moiben. Maisha yake yote alikuwa ameishi kwenye ardhi ya mtu mwingine, na siku moja aliniambia, akipangusa meza ambayo haikuwa chafu, kwamba alitaka mahali atakapopanda mti bila mtu kumwuliza ni wa nani. Zaidi ya hayo hakusema. Wateja walikuwa wakimchokoza.

"Mama, ukipata ile ya chini, utatukumbuka?"

"Ya chini gani? Mimi sijui chini. Kunywa chai."

Nami alinitania kila siku kwa namna ile ile. "Msichana wa picha, leo mmekata nani?"

"Leo tumekata kwaya, Mama."

"Mnakata watu kila siku na hakuna hata mmoja analia!" Kisha aliniongezea kijiko cha githeri bila kuulizwa, akasema kwamba nilikuwa mwembamba mno kiasi kwamba hata kamera ingenipita.

Kamati ya chama ndiyo iliyoomba filamu niliyopewa kuhariri. Ilitaka wanachama wajione wakifanya kazi kwa umoja kabla ya kura, ili siku ya kugawana wakumbuke kwamba walikuwa kitu kimoja. Tulienda shambani mara kadhaa. Kamera yetu ilitiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na nguvu ya ufunguo ikiisha, picha ilikoma ilipofika. Siku moja tulimkuta Mzee Arap Lelei mlangoni pa banda la kukamulia. Alikuwa amechunga na kukamua katika shamba hilo tangu ujana wake, enzi za mlowezi, na sasa alikuwa mwanachama kama wengine. Mwalimu alimlenga kwa kamera. Mzee aliinua mkono, akaukinga juu ya macho, akatazama mbali kidogo, na uso wake ukafunguka taratibu hadi akawa anacheka kabisa, cheko la mtu aliyeona kitu chake kikifanya vyema. Mbele yake, hatua chache tu, ndama alikuwa ameingiza kichwa ndani ya debe na alikuwa akizunguka nalo akigonga nguzo. Mwalimu alipogeuza kamera kumfuata ndama, nguvu ya ufunguo ilikuwa imeisha.

Uso ule ulinitesa mezani. Ulikuwa mzuri kuliko chochote tulichokuwa nacho, lakini ulitazama pasipokuwa na kitu. Nilijaribu kuufuatisha na ng'ombe wakiingia josho, ikawa kana kwamba Mzee anawacheka. Nilijaribu mahindi, mahindi hayakumjibu. Ndipo nikautoa msumarini ukanda tuliokuwa tumeupiga siku nyingine, kutoka kilimani, kwa ajili ya mandhari tu: bonde la chini likiteremka katika mwanga wa asubuhi, na mto ukimeta nyuma ya miti. Nilikwangua, nikapaka gundi, nikangoja, nikaupitisha kwenye kioo cha kutazamia. Mzee akatazama, bonde likaonekana. Vipande viwili visivyokuwa na uhusiano wowote vilikuwa vimeanza kuzungumza, na vilichosema hakikuwamo katika kimojawapo. Nilimwita Mwalimu. Akautazama mara mbili, kisha akauliza, "Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi leo umeanza kuhariri."

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na bado linanishangaza kwamba sisi wawili, tuliokula kila siku katika hoteli ambamo bonde lile halikutajwa kwa jina, tulilitazama pale mezani tukaona mwanga na kivuli tu. Nadhani ndiyo hatari ya chumba cha kuhariri. Dunia inapoingia humo hukatwa vipande, hutundikwa misumarini, na baada ya muda mhariri husahau kwamba nje ya mlango kila kipande kina wenyewe.

Tuliionyesha filamu mchana, ndani ya ghala la mahindi la shamba, madirisha yakiwa yamezibwa kwa magunia. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake juu ya magunia yaliyojaa, na projekta ilipata umeme kutoka kwa jenereta iliyonguruma nje. Filamu haikuwa na sauti. Mwalimu alisimama kando ya kitambaa cheupe akieleza kwa kipaza sauti. Watu walifurahi. Waliitana majina, walicheka viatu vya mwenyekiti, mama mmoja alimpungia mkono mwenzake aliyekuwa ameketi kando yake. Kisha uso wa Arap Lelei ukajaa kwenye kitambaa, na Mwalimu akasema maneno tuliyokuwa tumeyaandaa pamoja: "Mzee Arap Lelei, aliyefanya kazi hapa tangu ujana, leo analitazama shamba kama mwenyewe." Bonde likatokea.

Mama Wairimu ndiye aliyesimama kwanza, na kivuli chake kikaukata mto katikati.

"Simamisha hapo!"

"Haiwezi kusimama, Mama, itaungua," Mwalimu akajibu.

"Basi rudisha."

Tukarudisha. Mzee akacheka tena, na bonde likateremka tena hadi mtoni.

"Kumbe," Mama Wairimu akasema polepole. "Arap Lelei, kumbe wewe ulishaonyeshwa yako?"

"Mimi?" Mzee alikuwa amesimama pia. "Mimi nilikuwa naangalia ndama. Alikuwa na debe kwa kichwa."

"Debe iko wapi? Mimi naona mto."

"Ndama amekuwa bonde!" kijana mmoja akadakia kutoka nyuma, lakini hakuna aliyecheka.

"Kura haijapigwa," akasema mwanamume aliyekuwa mbele, "na mtu amepigwa picha akichekea shamba yake. Na mwalimu mwenyewe amesema kwa kipaza sauti: kama mwenyewe. Sasa sisi tunangoja nini?"

Mzee aliapa kwamba siku ile hakuwa amekanyaga bondeni. Jibu alilopewa sijalisahau: "Wewe unaweza kusema uongo, Mzee. Picha haiwezi." Arap Lelei alichukua kofia yake, akatoka bila kumuaga yeyote, jambo ambalo kwa mtu wa heshima kama yeye lilikuwa zito kuliko matusi. Wanachama walitangaza kwamba hakuna kura itakayopigwa hadi kamati ieleze ni nani aliyegawa bonde kwa siri. Mwenyekiti alitutaka tufungashe vyombo vyetu.

Kesho yake niliketi hotelini mahali pangu pa siku zote. Mama Wairimu aliandalia meza ya kulia, akaandalia ya kushoto, akanipita.

"Mama, naomba chai."

"Kaombe kwa wenye mto."

Niliinuka nikarudi chumbani kwetu, na sikwenda Sugoi, ingawa basi lilikuwa linajaza abiria mbele ya duka la vitabu. Mwalimu alikuwa ameketi mezani, ukanda wa bonde mbele yake. Alikuwa mtu mpole, na alinipa njia ya upole. "Tukitoe hiki kipande. Mimi nitaenda kuomba radhi, niseme ni kosa la kituo. Yaishe."

"Tukikitoa, watasema tumeficha."

"Na tukikiacha?"

"Watasema tumekubali."

"Kwa hiyo?"

"Twende na meza, Mwalimu. Tukate mbele yao."

Maisha yake yote Mwalimu alikuwa ameamini kwamba kiungo kizuri ni kile kisichoonekana, na hilo ndilo jambo la kwanza alilonifundisha. "Filamu haikatwi mbele ya watu," alisema. "Wakishaona inavyofanywa, wataamini nini tena? Hawatakataa hii peke yake, watakataa zote. Na wewe utakuwa umejifungia mlango kwa mkono wako mwenyewe." Nilijua kwamba alikuwa anasema kweli. Nilijua pia kwamba kama ningepata kazi ile huku Arap Lelei akiitwa mwizi, nisingeweza kuketi kwenye kiti kile. Nikamwambia, "Safari hii kiungo kionekane." Alivua glavu zake nyeupe, akazisukuma upande wangu wa meza.

Nilianza kwa Mzee, kwa maana haikuwa heshima kumtetea bila kumwuliza. Nilimkuta bandani, kichwa chake kikiwa kimeegemea ubavu wa ng'ombe, maziwa yakilia ndani ya ndoo.

"Mzee, nimekuja kukuomba uje ghalani."

"Nije kufanya nini? Nimeshakuwa mwizi wa kitu ambacho hakijagawanywa."

"Uje uone nilivyokuweka bondeni."

Mikono yake ikasimama. "Ni wewe uliniweka?"

"Ni mimi. Kwa wembe na gundi."

"Na ndama yuko wapi kwa hiyo filamu?"

"Hayumo, Mzee. Kamera ilikuwa imeisha nguvu."

"Hapo ndipo mliharibu," akasema, akaanza kukamua tena. "Ndama alikuwa anachekesha sana." Lakini alikuja.

Mwenyekiti alituruhusu kwa shingo upande. Tuliiweka meza kwenye mlango wa ghala, penye mwanga, na mashine hii iliyo mbele yangu sasa ikawekwa juu yake. Kabla ya lolote niliutenganisha uso wa Mzee na bonde, nikawapitishia wanachama kanda zote mbili wazishike kwa ncha, waone kwamba zilikuwa mbili. Kisha nikatoa ukanda wa tatu ambao hawakujua kuwa ninao. Siku moja ya upigaji picha Mama Wairimu alikuwa amekuja na sufuria za chakula cha wafanyakazi, na Mwalimu alimnasa akiinua uso kutoka kwenye mvuke, akimcheka mtu aliyekuwa ameteleza kwenye tope. Nilimwomba asogee.

"Mama, shika hapa."

"Usinichafue," akasema, ila alishika. Nilikwangua ncha ya cheko lake, nikaipaka gundi, nikaikandamiza juu ya bonde. Harufu ikasambaa; wa mbele wakaziba pua. Tukaingia ndani, magunia yakashushwa, na projekta ikawaka. Mama Wairimu akainua uso kutoka kwenye mvuke, akatazama, akacheka, na bonde la chini likateremka mbele yake hadi mtoni. Nikarudi mlangoni, nikamwondoa, nikamweka mwenyekiti: naye akalipata bonde. Mwisho nilimweka ng'ombe mmoja mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, akitafuna bila haraka na kutazama mbele kwa utulivu wa mwenye mali. Bonde likatokea, na ghala likalipuka.

"Ng'ombe amepata!"

"Hata yeye ni mwanachama! Si anatoa maziwa?"

"Mwacheni," sauti ya Arap Lelei ikasikika kutoka nyuma, na ilikuwa mara ya kwanza kusikika tangu siku ile. "Amefanya kazi hapa kuliko nyinyi wote."

Vicheko vilipotulia, yule aliyesema kwamba picha haiwezi kusema uongo alimwendea Mzee akampa mkono, na wengine wakafuata. Mama Wairimu peke yake hakuwa amecheka. Alikuja mezani, akauweka ukucha wake juu ya kiungo, mahali gundi ilipokuwa imevimba kidogo.

"Kwa hivyo mtu anaweza kuniunga na mahali sijawahi kuwa, na watu waamini."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi mwenyewe nikiona?"

"Hata wewe."

"Nimeona," akasema. Alinisogelea, na sauti yake ikawa ya chini, yangu peke yangu. "Nimejiona nikicheka pale, na moyo wangu ukafurahi. Nilikuwa najua umeniunga, nilishika mwenyewe, na bado moyo ukafurahi." Kisha akajikaza, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya hotelini, "Sitaki shamba ya gundi. Hiyo bonde itoe kabisa, isionekane na mtu yeyote hadi kura ipigwe."

Niliutoa ukanda wa bonde. Aliuchukua mkononi mwangu, akauviringisha kama uzi, akampelekea Arap Lelei. "Weka wewe," akamwambia. "Ni wewe ulilaumiwa kwa sababu yake." Mzee akautia ndani ya kofia yake.

Katika miaka yote ya kufundisha sijapata kueleza kazi hii kwa ukamilifu kuliko alivyoieleza mwanamke yule akiwa na ukucha juu ya gundi. Wanafunzi wangu hujifunza upesi kwamba kiungo kinaweza kudanganya wengine. Kwamba kinaweza kumfurahisha hata yule aliyeshika ncha zake huwachukua muda mrefu zaidi, na wapo ambao hawalifikii jambo hilo. Kwa hiyo katika juma la kwanza huwa siwaruhusu kukata chochote. Nawaketisha watazame uso mmoja tu, na nawauliza swali lile lile: mtu huyu alikuwa anatazama nini kweli, na ni nani anayekijua kile alichokitazama.

Filamu ilionyeshwa tena kabla ya kura, bila bonde, na wanachama waliikubali. Uso wa Mzee nao ulibaki, ukitazama pasipokuwa na kitu, na Mwalimu alieleza kwa kipaza sauti kwamba mbele yake palikuwa na ndama mwenye debe kichwani. Kura ilipigwa mvua zilipopungua, kwa vikaratasi vilivyowekwa ndani ya kofia ya Arap Lelei. Bonde lilimwangukia mtu ambaye hakuwamo katika filamu hata mara moja. Arap Lelei alipata sehemu iliyo karibu na josho. Mama Wairimu alipata ya juu, yenye mawe, kando ya barabara, akapanda mti. Niliajiriwa kituoni mwezi uliofuata, na siku ya kwanza ya kazi nilivuka barabara saa sita, nikaandaliwa chai.